Mzigo Unapimwa, Dereva Je?

Lori lililopakia mzigo Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Rwanda au Burundi hupita Barabara ya Morogoro. Litapita Kiluvya, Maili Moja na Kwa Mathias pale Kibaha mjini, litaiacha Mlandizi nyuma, na likifika Vigwaza litaingia mizani. Hapo dereva hupunguza mwendo, hupandisha matairi juu ya bamba la chuma, na namba hutokea: ekseli hii imebeba kiasi hiki, ile kiasi kile, jumla ni hii. Sheria inaruhusu hadi tani 56 kwa lori kubwa kabisa, na likizidi halina cha kujitetea. Hakuna anayemtazama dereva machoni akakisia uzito, wala hakuna anayemtaka aape kwamba hajazidisha. Barabara ni mali ya umma, lami ina gharama, kwa hiyo tumekubaliana kwamba neno la mwenye mzigo halitoshi na kipimo ndicho kisemaji. Lakini yule aliyeshika usukani wa tani zote hizo anaweza kuvuka Kibaha, Chalinze na Morogoro mpaka mpakani Tunduma bila mtu yeyote kujua kama damu yake ina kilevi. Lami tumeilindia mashine. Anayevuka barabara pale Kwa Mathias na kikapu chake tumemwachia bahati.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamkataza mtu kuendesha gari akiwa na zaidi ya miligramu 80 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo kiwe 50 kwa dereva wa kawaida na 20 kwa dereva chipukizi, na ushauri huo una mantiki, maana uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba mwenye miligramu 80 ana hatari ya kupata ajali takriban mara nne ya dereva ambaye hajanywa. Tuache kwanza ubishi wa 80 au 50. Kikomo chochote ni maandishi tu mpaka apatikane wa kukipima, na askari wa usalama barabarani hawezi kuwa kila mahali. Hata akiwa na kipima ulevi mkononi, atampima dereva mmoja katika mamia wanaompita. Nyakati za sikukuu za mwisho wa mwaka trafiki huingia stendi alfajiri na kuwapulizisha madereva wa mabasi kabla ya safari, na abiria hupanda wakiwa na amani. Ni kazi njema, ila ni ya siku chache, na mabasi yanatembea mwaka mzima. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 16,000 Tanzania katika mwaka 2016, ilhali vifo vilivyoripotiwa rasmi vilikuwa vichache sana kuliko hivyo. Na mchango wa pombe katika vifo hivyo haujulikani kwa kuutazama mwili. Dereva aliyefia kwenye usukani, au aliyefikishwa Hospitali ya Tumbi, Kibaha, akiwa hajitambui, mara nyingi hapimwi damu, na ajali yake inaandikwa kuwa ni ya mwendo kasi au uzembe. Tusichokipima hakiingii hata kwenye hesabu ya hasara.

Kipo kifaa kinachoweza kumpima dereva kila anapowasha gari, bila askari na bila mahakama. Jimbo la California lilipitisha sheria ya kukijaribu mwaka 1986, na tangu hapo kimesambaa nchi nyingi. Kiswahili hakijakipa jina la kudumu. Mimi nitakiita kufuli la pumzi, kwa kuwa ndivyo kilivyo. Kwa umbo ni kishikio cha kiganjani chenye mdomo mdogo wa plastiki unaobadilishwa, na waya unaoingia chini ya dashibodi hadi kwenye kisanduku kilichounganishwa na njia ya umeme iendayo kwenye stata. Dereva anafungua swichi, taa za dashibodi zinawaka, lakini stata haipati umeme. Kishikio kinamtaka apulize. Anapuliza kwa nguvu kwa sekunde kadhaa mfululizo, kwa sababu hewa ya mdomoni haitoshi, inatakiwa ile ya ndani kabisa ya mapafu, iliyokutana na damu. Ndani ya kishikio kuna vibamba vidogo vya platinamu. Pumzi ikiwa na kilevi, platinamu inakigeuza kuwa asidi ileile inayoipa siki ukali wake, na mageuzi hayo yanazalisha umeme kidogo sana. Kadiri kilevi kinavyozidi ndivyo umeme huo unavyoongezeka, na mashine huugeuza kuwa namba. Haibagui bia na konyagi, wala mnazi uliogemwa Kisarawe asubuhi na gongo iliyopikwa kichakani. Kwake vyote ni kitu kimoja. Namba ikiwa chini ya kikomo, stata inazunguka. Ikizidi, gari linabaki lilipo, na tukio linaandikwa kwenye kumbukumbu: tarehe, saa, kiasi, na katika vifaa vya siku hizi hata picha ya aliyepuliza.

Safari ikiendelea, kifaa huomba pumzi tena kila baada ya muda, ili dereva asije akawasha gari akiwa safi kisha akanywea njiani. Hapa ndipo watu huingiwa na hofu, wakifikiria basi lililojaa abiria likizimika katikati ya mteremko wa Kitonga. Halizimiki. Kufuli linashika stata tu, na halina mamlaka juu ya injini inayozunguka. Dereva asipopuliza, au akipuliza kilevi, kifaa kinaandika kosa, na aina nyingine hupiga honi na kuwasha taa mpaka aegeshe mahali salama. Jambo jingine ni dawa ya kusukutulia au ya kikohozi iliyotiwa kilevi, ambayo inaweza kupandisha namba kwa sababu ya mabaki ya mdomoni. Mtu husukutua kwa maji, husubiri dakika 15, kisha hupuliza upya. Kilevi cha mdomoni kitakuwa kimetoka. Cha kwenye damu hakitakwenda popote.

Hicho cha kwenye damu ndicho kinachonifanya nikitetee kifaa hiki kwa nguvu. Tukisikia habari ya dereva mlevi, wengi wetu humwona mtu anayepepesuka. Huyo hata konda atamkatalia asipande. Wa kuogopwa zaidi ni yule aliyekwisha kuoga na kuvaa shati lililopigwa pasi, anaamini kwa moyo wake wote kwamba pombe ya jana imemtoka. Mwili huondoa takriban miligramu 15 kwa saa kutoka katika kila mililita 100 za damu, na kazi hiyo haina njia ya mkato. Tumchukue dereva aliyepanda kitandani saa sita usiku akiwa na miligramu 160, kiwango cha mtu aliyekunywa sawasawa lakini akafika nyumbani kwa miguu yake. Saa kumi na moja alfajiri zimepita saa tano, zimetoka miligramu 75, zimebaki 85. Bado yuko juu ya kikomo cha sheria, na basi linanguruma stendi likimsubiri. Supu ya kuzimua haitampunguzia hata miligramu moja, wala kahawa chungu, wala ndoo ya maji ya baridi. Anajisikia mzima kwa sababu kilevi kinapopungua mtu hujilinganisha na alivyokuwa usiku, halinganishi na alivyokuwa kabla ya kunywa. Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, mwaka 2023, hakuna saa ambayo barabara ya Kibaha imelala. Dereva anaweza kuanza zamu saa ambayo jirani yake ndiyo kwanza anaagiza chupa ya pili. Mtu kama huyu hana nia mbaya. Anachokosa ni taarifa, na anaihitaji kabla ya kuwasha gari, maana trafiki wa Chalinze atampa taarifa hiyo akiwa ameshapita watu wote wa Kibaha.

Je, kifaa kinafanya kazi kweli? Marekani, ambako majimbo yote 50 yana sheria ya namna moja au nyingine juu yake, hufungwa hasa kwenye gari la mtu aliyekwisha kutiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa. Mwaka 2004 watafiti wa Cochrane, mtandao unaozipitia upya tafiti za afya, walikusanya ushahidi uliokuwepo. Mapitio mengine yaliyotoka mwaka 2011 yalipata kwamba, kifaa kikiwa kwenye gari, kukamatwa tena kwa kosa lilelile kulipungua kwa kiasi cha asilimia 67. Lakini tafiti hizohizo zilionyesha jambo la pili, ambalo wapinzani hupenda kulishika: kifaa kikiondolewa, watu hurudia yale yale. Basi, wanasema, kina faida gani kitu kisichombadilisha mtu? Mimi ushahidi huo nausoma kwa upande wa pili. Kufuli halikuahidi kumponya mnywaji, kama ambavyo kufuli la duka halimponyi mwizi; liliahidi kufunga mlango, na kwa muda lilipokuwepo liliufunga. Kama faida inakoma siku linapotolewa, basi mahali pake ni kwenye gari ambalo halitolewi kamwe. Nchi kadhaa za Ulaya zimekwisha kufika huko. Uswidi ilianza majaribio mwaka 1999, na kampuni za usafirishaji zikaingia kwa hiari. Ufini mwaka 2011 iliyalazimisha magari yanayobeba watoto wa shule na chekechea. Ufaransa iliyapa mabasi ya safari hadi tarehe 1 Septemba 2015 yawe yamekifunga. Na tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya linatakiwa liwe limeandaliwa ili kufuli hili liweze kufungwa kwa urahisi.

Kwetu, njia ya Marekani ya kumsubiri mtu atiwe hatiani isingefika mbali. Ingewagusa wachache waliokamatwa, wakapimwa, wakafikishwa mahakamani na kesi zikaisha. Njia ya Ufini na Ufaransa inaingia vizuri zaidi katika mazingira yetu, kwa kuwa basi la abiria lina leseni, lina tajiri anayejulikana, lina ratiba, na lina mamlaka inayolisimamia. Mamlaka hiyo, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, tayari inayafuatilia mabasi ya mikoani kwa kifaa kinachotuma mwendo na mahali gari lilipo, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake mwenyewe. Maana yake tumeshakubali kwamba basi la abiria libebe chombo cha kumsemea dereva. Lakini chombo hicho kinajua kama dereva amekimbia kilomita 95 kwa saa mahali pa 80, hakijui kwa nini. Kukiongezea pumzi ni kukikamilisha. Na kwa kuwa safari ndefu hutakiwa kuwa na madereva wawili, kufuli likimkataa mmoja si lazima abiria walale stendi.

Hoja nzito dhidi ya haya yote inatoka katika historia yetu wenyewe. Vidhibiti mwendo tulivifunga kwenye mabasi, mafundi wakavichezea. Kenya, chini ya kanuni zilizojulikana kwa jina la waziri John Michuki mwaka 2004, matatu zilifungwa vidhibiti na mikanda, na baada ya muda ikawa vivyo hivyo: kidhibiti kipo, waya wake hauendi popote. Kwa nini kufuli la pumzi lisipate mwisho huohuo? Fundi umeme wa magari yeyote anaweza kulipita kwa kipande cha waya. Basi la gia za kawaida linaweza hata kuwashwa kwa kusukumwa, na hapa kwetu watu wa kusukuma hawakosekani. Konda asiyekunywa anaweza kumpulizia dereva. Haya yote yanawezekana, na nisingeandika makala haya kama ningedhani jibu ni kuongeza ukali wa adhabu tu. Jibu ni tofauti iliyopo kati ya vifaa hivi viwili. Kidhibiti mwendo cha zamani kilipochezewa kilinyamaza, na ukimya wake ulifanana kabisa na utii. Kufuli la pumzi likichezewa linaacha pengo linaloonekana: injini imezunguka saa nne na nusu usiku, na hakuna pumzi iliyotangulia. Haijalishi imewashwa kwa waya au kwa mabega ya watu kumi. Kamera inamwonyesha konda pale alipotakiwa kuonekana dereva, na maombi ya pumzi njiani yanamkuta konda yuko mlangoni anadai nauli. Udanganyifu haukomi, ila unaacha maandishi.

Maandishi hayo lakini ni bure kama hayana msomaji, na hapa ndipo kanuni yoyote itakapofia ikiwa itafia. Kifaa kinatakiwa kihakikiwe mara kwa mara, Marekani kwa kawaida kila baada ya siku 30 hadi 60, kwa sababu kipimo cha platinamu huchoka na namba zake zikaanza kuteleza. Kihakikiwe na nani? Jibu liko barabara hiihii, ukitoka Kwa Mathias kuelekea Mlandizi: Wakala wa Vipimo wana kituo cha uhakiki Misugusugu, ambako malori ya mafuta hupimwa ujazo na mita za maji hukaguliwa. Ni watu wa fani hiyo. Kuwapa gesi yenye kiwango cha kilevi kinachojulikana, wakipulizie kifaa na kuona kama namba inasema kweli, ni kazi ya namna ileile wanayoifanya kwa lita za petroli. Kumbukumbu zipakuliwe siku hiyohiyo ya uhakiki na zifike LATRA moja kwa moja, bila kupitia kwa tajiri wala gereji yake. Kufuli haliwezi kupokea rushwa, lakini anayelikagua anaweza, na namba ikisomwa katika ofisi mbili ni vigumu zaidi kuifuta.

Ningeomba pia kanuni isimwadhibu mtu aliyepuliza na kukataliwa. Dereva aliyepuliza miligramu 85 alfajiri, gari likagoma, akarudi kulala, hajamdhuru mtu. Ameonywa na akatii. Tukimfukuza kazi kwa namba hiyo moja, kesho madereva wote watatafuta fundi wa waya. Adhabu imwendee aliyewasha bila kupuliza, aliyempulizia mwenzake, na tajiri aliyeona kumbukumbu za namna hiyo wiki baada ya wiki akanyamaza kwa sababu hesabu inaingia. Akikataliwa mara tatu kwa mwezi, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali kabla hajarudi kwenye usukani.

Gharama ipo. Marekani mtu hulipa takriban dola 70 hadi 150 kufungiwa, kisha kati ya 60 na 90 kila mwezi. Kwa mwenye gari dogo hizo ni fedha nyingi. Kwa basi la mikoani linalojaza abiria zaidi ya 50 kila siku, malipo ya mwezi hayazidi nauli za watu wachache wa safari moja. Kuna pia dereva ambaye hajawahi kugusa pombe, kwa dini yake au kwa uamuzi wake, na anaona kupulizishwa kila siku ni kudhalilishwa. Malalamiko yake nayaheshimu. Lakini mizani ya Vigwaza humpima hata yule asiyezidisha mzigo, na hakuna anayeichukulia kuwa tusi, kwa kuwa inampima kila mtu. Tena huyu ndiye anayefaidika zaidi: siku akipata ajali na watu waliokusanyika wakapiga kelele kwamba alikuwa amelewa, atakuwa na pumzi yake ya saa ileile iliyoandikwa. Kuhusu kuambukizana magonjwa ya kifua, kila dereva awe na mdomo wake wa plastiki mfukoni.

Yapo yasiyofikiwa na kufuli hili. Halitambui usingizi, wala bangi, wala mirungi. Halitasaidia chochote kwa dereva wa bodaboda anayesubiri abiria Kwa Mathias saa nne usiku, na bodaboda ni sehemu kubwa ya majeruhi wetu. Huko itabaki kazi ya trafiki mwenye kipima ulevi, ya saa za kufunga baa, na ya kuisogeza pombe mbali na mkono, kama serikali ilivyofanya kuanzia tarehe 1 Machi 2017 ilipopiga marufuku viroba, vile vipaketi vilivyoingia mfuko wa shati bila mtu kuona. Kuanza na baadhi tu si kosa. Mimi ningeanza na magari ya shule, kama Ufini. Njia zake ni fupi, dereva ni yuleyule, na gari linalala uwanja uleule kila siku, likiwashwa mara ya kwanza alfajiri, saa ambayo pombe ya usiku bado imo mwilini. Hakuna haja ya kusubiri chumba kikubwa cha kompyuta. Kumbukumbu za wiki nzima za gari moja hazijazi ukurasa, na mwalimu mkuu anaweza kuzisoma Ijumaa mchana kabla hajafunga ofisi.